Jipya Moja, Matatu Yaliyolika

Mfanyabiashara mmoja wa pembejeo, mwenye duka Njombe, alinunua tairi moja jipya mjini Morogoro, na tairi hilo likamwulia gia boksi. Tairi lenyewe halikuwa na kasoro yoyote. Lilikuwa bora kuliko mengine matatu yaliyokuwa garini, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kisa chake nimekipata kwa fundi aliyelifungua gari, nami nakieleza kwa urefu kwa sababu magari ya aina ile yamejaa kwenye barabara zetu, na wengi wanaoyaendesha hawajawahi kuambiwa jambo hili hata mara moja.

Gari lilikuwa Subaru Forester, otomatiki ya gia nne, lililokuja likiwa limetumika Japani kama magari mengi tunayonunua. Mzee yule hakulichagua kwa fahari. Mvua za Njombe zikianza Novemba, njia za kwenda kwenye mashamba ya viazi na parachichi hugeuka utelezi mtupu, na gari linalovuta kwa mbele peke yake hubaki mtaroni likizungusha tairi. Lake lilikuwa fowili, tena fowili ya wakati wote, isiyo na kitufe wala mkono wa kuingizia. Lilimtoa kwenye tope bila yeye kufanya chochote. Ndiyo maana hakuwahi kufikiria kwamba mtambo ule unafanya kazi hata akiwa kwenye lami kavu, jua linawaka, anaelekea Dar es Salaam.

Siku hiyo alikuwa anakwenda kuchukua mzigo. Alishateremka Kitonga salama, akapita Mikumi, kisha katika kulipisha lori gurudumu la nyuma kushoto likaangukia shimo kwenye ukingo wa lami. Ubavu wa tairi ukachanika. Pancha ya msumari, ikiwa katikati ya kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, fundi huiziba na safari ikaendelea. Ubavu ni habari nyingine: humo ndimo zilimo nyuzi zinazobeba uzito wa gari, na zikishakatika hakuna kiraka cha kuaminiwa. Tairi likawa limekufa. Akatoa spea, ile nyembamba iliyoandikwa ubavuni isizidi kilomita 80 kwa saa, akaifunga, akajikongoja nayo hadi Morogoro.

Dukani alimkuta kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie tairi moja la saizi hii."

"Moja tu, mzee? Mbona haya mengine yameshachoka?"

"Hayo bado yana maisha. Nina mzigo wa kulipia Dar."

"Basi chukua hata mawili, tuyaweke nyuma yote."

"Moja, mwanangu. Mengine nitanunua msimu ukiisha."

Mtu mwenye hela ya mzigo mfukoni na safari mbele yake angesema nini kingine? Na kwa namna fulani alikuwa na haki. Matairi matatu yaliyobaki yalikuwa na kashata za kama milimita 3. Vile vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji ya tairi, vinavyoonyesha kwamba tairi limefika mwisho, vimewekwa kwenye kimo cha milimita 1.6. Kwa kipimo hicho matairi yake yalikuwa hayajafika ukomo. Kijana naye hakumdanganya wala hakumwibia. Alimuuzia tairi zima, saizi ileile, la kampuni tofauti na mengine, akalijaza upepo vizuri, akalifunga. Kosa lao lilikuwa swali ambalo hakuna kati yao aliyeliuliza: gari hili linavuta kwa magurudumu mangapi?

Miezi ikapita bila dalili. Hilo nalo ni sehemu ya funzo, kwa sababu uharibifu wa namna hii hauji siku ileile. Ungekuja palepale, kila mtu angejua chanzo chake. Baadaye mzee akaanza kuona kwamba anapokata usukani hadi mwisho ili kugeuza gari uani, gari linajishika kama lenye breki iliyokwama, halafu linaruka kidogo na kuachia. Kwenye lami tairi zililia "kwi" pale anapoegesha. Kwenye vumbi hakuona kitu. Akalipeleka gereji ya jirani. Wakambadilishia joiniti za shafti za mbele, kwa kuwa joiniti mbovu pia hulalamika kwenye kona. Haikusaidia. Wakambadilishia beringi. Haikusaidia. Mwishowe gari likaanza kupigapiga hata kwenye kona za kawaida, na oili ya gia boksi ilipochomolewa ilitoka nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua.

Ndipo akaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, Iringa. Huyu hakukimbilia spana. Alimwambia azungushe gari polepole, usukani umekatwa wote, akasimama pembeni anasikiliza. Kisha akafungua boneti, akatafuta kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD, akachomeka fyuzi ya akiba. Subaru nyingi za otomatiki ya gia nne zilitoka kiwandani na kishikio hicho kikiwa kitupu. Ukitia fyuzi, kompyuta inalegeza klachi inayopeleka nguvu nyuma, gari linabaki kuvuta kwa mbele, na taa inawaka kwenye dashibodi kukujulisha. Kimewekwa hasa kwa ajili ya siku kama ile ya Mikumi, pale unapolazimika kutembelea spea nyembamba. Maelezo yake yamo kwenye kitabu cha gari. Lakini magari yetu huja na vitabu vya Kijapani au bila kitabu kabisa, na mzee wetu alitembea kutoka Mikumi hadi Morogoro na spea ndogo, fowili ikiwa kazini, asijue kwamba dawa ilikuwa chini ya boneti.

Fyuzi iliingia, taa ikawaka, na gari likaendelea kujishika vilevile. Fundi akatikisa kichwa. Kama klachi ingekuwa nzima, ingeachia pale ilipoamriwa. Hii ilikuwa imeng'ang'ana yenyewe.

Hapo akafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye fowili alione. Aliinua gari kwa jeki, gurudumu baada ya gurudumu, akachukua uzi wa mwashi na kuuzungusha kwenye kila tairi, katikati kabisa ya kashata, akakata pale unapokutana. Akapata vipande vinne vya uzi. Akavilaza sakafuni vimenyooka, vimeanzia kwenye mstari mmoja. Vitatu viliishia karibu pamoja. Cha nne kilivipita kwa upana wa vidole viwili.

"Mzee, ulinunua tairi moja?"

"Moja, fundi. Morogoro."

"Pole sana. Kila gurudumu linapozunguka mara moja, hivi vidole viwili lazima viishie mahali. Na mahali pake ni humu," akaonyesha mkia wa gia boksi.

Wengi huambiwa "tairi zilingane" wasielezwe sababu, na agizo lisilo na sababu halidumu kichwani. Basi tufanye hesabu. Tairi lenye namba 215/60R16 lina upana wa milimita 215, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 60 ya upana huo, yaani 129. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Jumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, unapata kipenyo cha milimita 664 hivi, na mzingo wa karibu milimita 2,087. Hilo ni tairi jipya, lenye kashata za milimita 8. Lililobakiwa na kashata za milimita 3 limepungua milimita 5 kila upande, na mzingo wake umeshuka hadi kama milimita 2,056. Tofauti ni sentimita 3 kwa kila mzunguko. Katika kilomita moja tairi jipya linazunguka mara 479, na lililolika linazunguka mara 486. Mizunguko saba. Kwa macho huioni, na usukani hauisemi.

Sasa, gari lolote limeandaliwa kuvumilia magurudumu yanayokwenda kwa kasi tofauti, la sivyo lisingeweza kupiga kona. Ukitazama askari wa gwaride wanapogeuka wakiwa mstari mmoja, aliye ndani hupiga hatua fupi na aliye nje hupiga hatua ndefu, na mstari haukatiki. Difu hufanya kazi hiyo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Tofauti ikitokea kwenye ekseli ya nyuma, difu ya nyuma inaigawa, na shafti inayotoka kwenye gia boksi inahisi nusu yake tu. Kwa hiyo kwa mzee wetu, katika kila kilomita, nyuma ilikuwa inabaki nyuma ya mbele kwa mizunguko mitatu na nusu hivi ya gurudumu. Kutoka Njombe hadi Dar ni kama kilomita 700. Zidisha: mizunguko 2,500 kwa safari moja ya kwenda. Na shafti hiyo, yaani propela shafti, huzunguka zaidi ya mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja, hivyo huko ndani tofauti ilikuwa inapita mizunguko 10,000.

Difu ingekuwepo pia kati ya mbele na nyuma, tofauti hiyo ingepita kwa amani. Otomatiki ile ya Subaru haina difu ya katikati. Ina klachi ya pleti nyingi nyembamba, zilizopangwa pamoja ndani ya oili, zikibanwa kwa presha kadiri kompyuta inavyoamua. Kwenye kona zinateleza kidogo, sekunde chache, kisha zinapumzika. Kwa mzee wetu hazikupumzika. Zilisuguana njia nzima, Makambako, Mafinga, Iringa, Mikumi, zikichemsha oili, zikilika. Fundi alifungua mkia wa gia boksi kwa chini, bila kuishusha yote, na nilizishika pleti zile kwa mkono wangu. Mpako wake ulikuwa umeungua mweusi, na meno yake yalikuwa yamechimba vijifereji kwenye dramu inayozishika. Pleti ikishaingia kwenye kijifereji, haitoki hata ikiamriwa. Ndiyo sababu fyuzi haikusaidia.

Alibadilishiwa pleti, dramu, oili yote, na matairi manne. Ukijumlisha na zile joiniti na beringi zilizokuwa nzima, pamoja na siku ambazo gari lililala gereji wakati msimu wa mbolea umepamba moto, alilipa mara kadhaa ya bei ya matairi manne aliyoyakwepa Morogoro. Simlaumu. Nawalaumu zaidi sisi tunaouza, tunaotengeneza na tunaoandika habari za magari, tuliomwachia mtu ajue mwenyewe kitu ambacho hakionekani.

Nirudi kwenye pendekezo la kijana wa duka, la kununua mawili na kuyaweka nyuma, kwa sababu ndilo ushauri utakaoupata karibu kila duka. Kwa gari linalovuta kwa mbele pekee, kama IST au Passo, ushauri huo ni mzuri: ekseli moja iwe na matairi yanayofanana, basi. Kwa fowili ya wakati wote unaweza kuharibu zaidi. Likiwa jipya moja, difu ya ekseli inapunguza tofauti kwa nusu kabla haijafika katikati. Yakiwa mapya mawili kwenye ekseli moja, difu ya ekseli haina cha kugawa, na tofauti yote, ile mizunguko saba kwa kilomita, inatua kwenye klachi ya katikati. Mzee angemsikiliza kijana, angelipa mara mbili na kuunguza pleti mapema zaidi. Wapo mafundi wanaojaribu kukwepa hilo kwa kuweka jipya moja mbele na jingine nyuma. Kweli katikati inapata nafuu, lakini difu zote mbili zinafanya kazi bila kupumzika, na kwenye lami yenye maji gari lenye mshiko mkali upande mmoja na hafifu upande mwingine linaweza kukugeuka unapokanyaga breki. Siwezi kumshauri mtu hivyo.

Usifikiri Subaru ni ya peke yake. Kinachobadilika kati ya gari na gari ni kifaa kinachoumia. Subaru za gia za mkono zina difu ya katikati, imeambatana na kopo lililojaa mafuta mazito ya silikoni yanayoongezeka ukali yakichemka. Tofauti ya kudumu huyachemsha hadi kopo linafunga. Land Rover Freelander ya kwanza, iliyotoka mwaka 1997, ina kopo la namna hiyo katikati ya propela shafti, na wamiliki wengi wake walijua habari za kulinganisha matairi baada ya kopo kukaza na kuvunja mtambo wa mbele. Honda CR-V za zamani zina pampu mbili kwenye difu ya nyuma, moja inazungushwa na mbele na nyingine na nyuma. Zikitofautiana mwendo, presha inapanda na klachi inabana, kwa hiyo tairi lisilolingana hulifanya gari lidhani linateleza muda wote. Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu na Nissan X-Trail zinatumia klachi ya umeme, yenye akili ya kujiachia ikipata joto sana, nayo hiyo huchoka. X-Trail yenye swichi ya 2WD inampa dereva nafasi ya kufika nyumbani bila kuumiza kitu, mradi akumbuke kuibonyeza.

Wenye Hilux na Land Cruiser za mkono wa kuingizia fowili wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Wameonywa siku zote wasiache fowili imeingia kwenye lami kavu, na aliyesahau amehisi usukani unavyokuwa mzito na gari linavyojikaza kwenye kona. Ni nguvu ileile. Tofauti ni kwamba wao wana mkono wa kuitoa, na fowili ikiwa nje, tairi moja jipya nyuma litasumbua difu ya nyuma peke yake. Fowili ya wakati wote haitoki.

Je, ina maana kila tairi moja likipasuka ununue manne? Hapana, na ni vizuri kusema hivyo wazi, maana hofu nayo ina gharama. Kipimo kinachotajwa sana kwa Subaru ni kwamba tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, milimita 6 hivi, ambayo kwenye kashata ni kama milimita 1 tu. Watengenezaji wengine wanaruhusu zaidi, hadi milimita 2 au zaidi kidogo za kashata. Kama matairi yako ni mapya bado, yamelika kidogo tu, nunua moja la kampuni ileile, saizi ileile na muundo uleule, upime. Kampuni na muundo nasisitiza, kwa kuwa matairi mawili yenye namba ileile ubavuni kutoka viwanda viwili hayana lazima ya kulingana mzingo yakiwa mapya. Uzi wa mwashi unatosha kukuambia ukweli, ukiwa umejaza yote upepo sawa kwanza.

Yakiwa yameshalika nusu, njia bado zipo. Marekani kuna wauzaji wanaolinyoa tairi jipya kwa mashine, wakalishusha kashata hadi lilingane na yaliyobaki. Mnunuzi anapoteza mpira, anaokoa gia boksi. Kwetu njia rahisi ni kuandaa mapema. Kama gari lako lina nafasi ya spea kamili, nunua matairi matano siku unapobadilisha, na spea iingie kwenye mzunguko pamoja na mengine kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Yote matano yatalika pamoja, na siku moja likichanika, la tano lina kimo kilekile. Ukishindwa hilo, basi ukitoa matairi ya zamani usiyaache yote dukani. Chukua lililo bora, lihifadhi kivulini. Mtu anayetafuta tairi lililotumika lenye kimo cha yale yaliyobaki anaweza kulipata, ila asome tarehe ubavuni: zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani hukakamaa hata kashata zikiwa ndefu, na mimi nisingeuweka kwenye gari la familia kwa ajili ya kuokoa klachi.

Anayetoa gari bandarini naye ana kazi ya siku ya kwanza. Magari yaliyotoka sehemu za baridi za Japani mara nyingine huja na matairi ya theluji, laini, yenye mikato mingi midogo, yasiyofaa joto la lami yetu. Mengine huja na matairi yaliyochanganywa, mawili ya hivi na mawili ya vile, yaliyofungwa ili gari lifike melini. Kabla ya kuliendesha safari ndefu, zunguka usome majina na namba za yote manne na upime kashata. Ukikuta mchanganyiko, hesabu bei ya matairi manne ndani ya bei ya gari.

Na likikuchanikia porini kama lilivyomchanikia mzee, huna la kufanya ila kufunga spea uliyonayo. Chomeka fyuzi kama gari lako lina kishikio chake, bonyeza swichi kama lina swichi. Kama havipo vyote, nenda taratibu, ufike mji wa karibu tu, na usipige safari ya Dar kwa spea. Kilomita chache hazitaua klachi nzima. Alichokifanya mzee wetu kilikuwa cha miezi mingi, na hakuna aliyemwambia.

Kwa wenzetu wenye maduka ya matairi nina ombi moja. Mteja akisema anataka moja, tazameni nyuma ya gari kabla ya kutazama rafu. Mkiona maandishi ya AWD au 4WD, au ni Subaru, mwulizeni kashata zilizobaki zina kimo gani, na mzipime mbele yake. Geji ya kupimia ni kifimbo kidogo cha bei ndogo, inatosha mfukoni mwa ovaroli. Mkikuta tofauti ni kubwa, mwambieni ukweli hata kama ataondoka bila kununua.